Hajarudi: Njeo, Hali na Kudumu kwa Mazingatio ya Umma katika Visa vya Watu Waliotoweka kwa Muda Mrefu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna lugha inavyochangia kudumisha au kuzima mazingatio ya umma kuhusu watu waliotoweka kwa muda mrefu. Data kuu ni maumbo ya vitenzi vya Kiswahili yanayotumiwa kuwazungumzia watu hao, hususan minyambuliko ya kitenzi toweka na upinzani uliopo kati ya hakurudi na hajarudi. Maumbo hayo yanahusishwa na kisa cha mwandishi wa habari Azory Gwanda wa Tanzania, na kulinganishwa na uzoefu wa Akina Mama wa Plaza de Mayo wa Argentina, ambao umedumu kwa takribani nusu karne. Makala yanajenga hoja kwamba mazingatio ya umma hudumu pale jamii inapoendelea kumzungumzia aliyetoweka katika hali isiyotimilika, na pale hali hiyo inapopewa siku, mahali, hesabu na hadhi ya kisheria. Mwisho, makala yanaeleza kwamba mamlaka ya kuifunga hali hiyo hayapaswi kuwa mikononi mwa msemaji yeyote asiye na ushahidi.

Maneno ya msingi: kutoweka, kutoweshwa, njeo, hali, mazingatio ya umma, dhana ya kifo

1.0 Utangulizi

Tarehe 21 Novemba 2017, Azory Gwanda, mwandishi wa habari wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi, alichukuliwa na watu wasiojulikana huko Kibiti, Mkoa wa Pwani. Kabla ya hapo alikuwa ameripoti mfululizo wa mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi katika eneo hilo. Kwa maelezo ya familia yaliyotangazwa na vyombo vya habari, aliaga kwamba anakwenda safari ya dharura na kwamba angerudi siku iliyofuata. Hajarudi.

Sentensi hiyo ya neno moja ndiyo kiini cha makala haya. Kisarufi ni kitenzi kikanushi chenye kiambishi -ja-. Kijamii ni msimamo. Anayesema hajarudi anakataa mambo mawili kwa pamoja: anakataa kwamba mtu huyo yupo, na anakataa kwamba habari yake imekwisha. Makala yanauliza ni kwa jinsi gani msimamo wa namna hiyo unaweza kushikiliwa na umma kwa miaka mingi, wakati ambapo habari mpya hufunika za zamani kila siku, mashahidi huhama, majalada hukaa kabatini na viongozi hubadilika.

Msukumo wa kulitazama suala hili kwa jicho la lugha ulitoka nyumbani kwa mwandishi. Bibi yake, mkazi wa kijiji kimoja cha pwani ya Kilwa, alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwenda kuvua na chombo chao kisionekane tena. Majirani walisema, kwa huruma kabisa, kwamba yule kijana "alipotea baharini." Bibi hakuwahi kulisema neno hilo. Kila alipoulizwa alijibu, "Hajarudi," na kwa miaka mingi hakukubali hitima isomwe. Wakati huo jibu lake lilionekana kuwa ukaidi wa mzazi. Baada ya kusoma isimu, mwandishi alitambua kwamba bibi alikuwa akitumia tofauti ya kisarufi ambayo majirani walikuwa wameiacha. Hata hivyo, bahari haihojiwi. Binadamu anapokuwa amechukuliwa na binadamu wenzake, tofauti hiyohiyo ya kisarufi hugeuka kuwa suala la haki.

Katika makala haya, mazingatio ya umma yana maana ya hali ya jamii kuendelea kulijua jambo, kulitaja hadharani na kulidai jibu. Si sawa na umaarufu. Jambo linaweza kuwa maarufu kwa wiki mbili bila kudaiwa jibu, na linaweza kudaiwa jibu kwa miaka arobaini na watu wachache tu.

2.0 Nani ametenda? Kupotea, Kutoweka na Kutoweshwa

Kabla ya kuingia katika njeo, ni vyema kuangalia namna kitenzi chenyewe kinavyomtaja au kumficha mtendaji. Tutazame sentensi zifuatazo, ambazo zimetungwa na mwandishi kwa ajili ya ufafanuzi:

(1) Amepotea.
(2) Ametoweka.
(3) Ametoweshwa.
(4) Ametoweshwa na watu wasiojulikana.

Katika sentensi ya (1), kiima ndicho kinachobeba tukio zima. Mtoto hupotea sokoni, mbuzi hupotea malishoni, mgeni hupotea njia. Kitenzi hiki hakihitaji mtu mwingine, na mara nyingi hubeba dokezo kwamba aliyepotea amechangia kupotea kwake. Sentensi ya (2) huondoa dokezo hilo lakini haimtaji mtendaji. Ukungu hutoweka, na mtu vilevile hutoweka, kana kwamba jambo limejitokea lenyewe. Ni katika sentensi ya (3) ambapo kiambishi cha utendeshi na cha utendwa vinaingia: toweka hutoa towesha, na towesha hutoa toweshwa. Kitu kilekile kimetokea, lakini sasa sarufi inalazimisha swali: ametoweshwa na nani?

Lugha ya mitaani imeshaliona hili. Kitenzi potezwa, kwa maana ya kuondolewa machoni pa watu kwa makusudi, kinasikika katika mazungumzo ya kila siku bila msikilizaji kuhitaji maelezo. Wazungumzaji wamechukua kitenzi cha bahati mbaya wakakinyambua hadi kikawa kitenzi cha kosa.

Sentensi ya (4) inahitaji uangalifu zaidi. Kirai watu wasiojulikana kilitokana na lugha ya taarifa za matukio ya uhalifu, na kuanzia mwaka 2017 kilienea mno katika mazungumzo ya kisiasa nchini Tanzania. Kimuundo, kirai hiki kinajaza nafasi ya mtendaji bila kumtambulisha. Kwa upande mmoja kinakiri kwamba kuna watu waliotenda. Kwa upande mwingine kinaweza kuufunga uchunguzi, kwa kuwa kutojulikana huko huchukuliwa kuwa sifa ya kudumu ya watendaji, badala ya kuwa upungufu wa kazi ya wachunguzi. Wananchi wengi waliligundua hilo, ndiyo maana kirai kilianza kutamkwa kwa kejeli. Umbo linalolingana na msimamo wa kudai jibu lingekuwa watu ambao hawajajulikana. Hapo -ja- inarejea, na pamoja nayo wajibu wa kuendelea kutafuta.

Kuna unyambuaji mwingine usiopaswa kusahaulika, nao ni ule unaoifanya familia kuwa kiima. Kiswahili kina kufiwa kwa ajili ya msiba na kupotelewa kwa ajili ya upotevu. Aliyefiwa na mume ana jina, mjane. Aliyefiwa na wazazi ana jina, yatima. Aliyepotelewa na mume hana jina. Pengo hilo si la msamiati tu. Anayekosa jina hukosa pia utaratibu: hakai eda, hapewi rambirambi, hajui siku ya arobaini. Mtaalamu wa masuala ya familia wa Marekani, Pauline Boss, aliyeanza kwa kuzichunguza familia za askari waliotoweka katika vita vya Vietnam, aliipa hali hii hadhi ya dhana ya kitaaluma. Katika makala haya dhana hiyo inaitwa msiba usio na hakika, yaani hasara isiyoweza kuombolezwa kwa sababu haijathibitishwa, na isiyoweza kupuuzwa kwa sababu haiondoki.

3.0 Hakurudi na Hajarudi

Kiswahili kina jozi mbili za uyakinishi na ukanushi zinazohusu mambo yaliyokwisha kuanza. Kiambishi -li- hukanushwa kwa -ku-, na kiambishi -me- hukanushwa kwa -ja-. Kwa hiyo tuna:

(5) a. Alitoweka, hakurudi.
b. Ametoweka; hajarudi.

Sentensi ya (5a) inasimulia. Inalichukua tukio na kuliweka katika wakati uliokwisha, mbali na wakati wa kusema. Msikilizaji anaweza kusikitika, lakini hadaiwi kitu. Sentensi ya (5b) inaeleza hali iliyopo sasa. Kama vile amelala humaanisha kwamba mtu yuko usingizini wakati wa kusema, ndivyo ametoweka humaanisha kwamba kutoweka kunaendelea wakati wa kusema. Kwa upande wa ukanushi, hakurudi ni hesabu iliyofungwa, ilhali hajarudi huiacha wazi: hadi sasa bado, na huenda ikawa.

Inavutia kuona kwamba sheria ya kimataifa inakubaliana na -me-. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1992 kuhusu ulinzi wa watu wote dhidi ya kutoweshwa kwa nguvu linakichukulia kitendo hicho kuwa kosa endelevu kwa muda wote ambao watendaji wanaendelea kuficha yaliyompata mhusika na mahali alipo. Maana yake ni kwamba kosa halikutendwa siku ile tu. Linatendwa leo, na litatendwa kesho iwapo ukweli utaendelea kufichwa. Mwanasheria anaweza kuhitaji aya nzima kulieleza hilo. Mzungumzaji wa Kiswahili analisema kwa kiambishi kimoja.

Kinyume chake, kuna maumbo yanayozika kimyakimya. Hatari zaidi ni aliyekuwa. Katika uandishi wa habari, "aliyekuwa mwandishi wa gazeti fulani" huweza kumaanisha mtu aliyeacha kazi au mtu aliyefariki. Linapotumiwa kwa mtu aliyetoweka, huchagua maana ya pili bila kutoa ushahidi wowote. Mwandishi wa habari anayeandika hivyo huenda hana nia mbaya. Anafuata mazoea tu. Lakini mazoea hayo yakirudiwa katika kila taarifa, umma hujifunza kwamba mhusika ni wa jana. Kuzikwa huko kwa kisarufi hutangulia kuzikwa kwa jalada.

4.0 Siku, Mahali na Hesabu

Umbo la kitenzi peke yake haliwezi kushindana na usahaulifu. Lazima lipewe mahali pa kukaa. Mfano ulio wazi zaidi unatoka Argentina, nchi ambayo iliyafanya maneno ya Kihispania ya aliyetoweshwa na waliotoweshwa yajulikane duniani kote.

Baada ya jeshi kutwaa madaraka tarehe 24 Machi 1976, maelfu ya watu walikamatwa na kupelekwa katika vituo vya siri. Tume ya taifa iliyoundwa baada ya demokrasia kurejea iliorodhesha karibu watu 9,000 katika ripoti yake ya mwaka 1984. Mashirika ya haki za binadamu hutaja 30,000. Tarehe 30 Aprili 1977, akina mama 14 walikusanyika katika uwanja wa Plaza de Mayo jijini Buenos Aires, mbele ya ikulu, kudai habari za watoto wao. Kwa kuwa chini ya hali ya hatari mikusanyiko ilikuwa marufuku, polisi waliwaamuru wasisimame mahali pamoja, waendelee kutembea. Wakatembea, wawili wawili, wakiuzunguka mnara ulio katikati ya uwanja. Amri ya kuwatawanya ikawa ndiyo umbo la maandamano yao. Baadaye siku ilithibiti kuwa Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, katika hija ya Luján, walijifunga vichwani vitambaa vyeupe vya nepi za watoto ili watambuane katika umati. Kitambaa hicho kimebaki kuwa alama yao.

Mambo manne katika utaratibu huo yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, siku haikutegemea tukio. Alhamisi ilifika iwe kuna habari mpya au hakuna, na hivyo mazingatio hayakuhitaji kungoja gazeti lipate la kuandika. Pili, mahali palikuwa mbele ya mwenye wajibu wa kujibu. Tatu, vazi lilikuwa la kawaida, lisilo na gharama, linaloweza kurithiwa na mtu mwingine mvaaji wa kwanza anapofariki. Nne, kauli ilikuwa katika hali isiyotimilika: tangu mwaka 1980 walidai watoto wao watokee wakiwa hai. Wapo waliowalaumu kwa kudai lisilowezekana. Lakini dai hilo lilimweka mtawala mahali pagumu, kwa kuwa asiyeweza kuwatoa wakiwa hai alipaswa kueleza nani aliwaua.

Gharama ilikuwa kubwa. Azucena Villaflor, mmoja wa waanzilishi, alitekwa tarehe 10 Desemba 1977, siku ileile ambapo tangazo la kulipiwa lenye majina ya waliotoweka lilichapishwa katika gazeti la La Nación. Kundi lao lilikuwa limepenyezwa na ofisa wa jeshi la majini, Alfredo Astiz, aliyejifanya ndugu wa mtu aliyetoweka. Mwili wa Villaflor ulisukumwa na mawimbi hadi ufukweni, ukazikwa kwenye kaburi lisilo na jina. Mwaka 2005, wanaanthropolojia wa uchunguzi wa kijinai wa Argentina waliyatambua mabaki yake, na majivu yake yakazikwa Plaza de Mayo.

Miaka 28 ilipita kati ya kutekwa na kutambuliwa. Hapa ndipo jukumu halisi la mazingatio ya umma linapoonekana. Mazingatio hayamtafuti mtu. Wanaomtafuta ni wachunguzi wenye zana. Kazi ya mazingatio ni kuliweka swali wazi hadi zana ipatikane. Akina bibi waliokuwa wakiwatafuta wajukuu wao waliozaliwa kizuizini walijipanga mwaka 1977, wakati kipimo cha kuthibitisha uhusiano wa bibi na mjukuu pasipo wazazi hakikuwapo. Kipimo kilipatikana katika miaka ya 1980 kwa msaada wa mwanajenetiki Mary-Claire King, na mwaka 1987 sheria ilianzisha benki ya taifa ya takwimu za vinasaba. Hadi sasa zaidi ya wajukuu 130 wametambuliwa. Kama akina bibi wangekubali mwaka 1978 kwamba habari imekwisha, kipimo kingefika pasipo mtu wa kukidai.

Nchini Tanzania, kisa cha Azory Gwanda kilipata umbo lake mahususi. Gazeti lake lilichapisha hesabu ya siku zilizopita tangu atoweke, na swali "Azory yuko wapi?" likaenea nyumbani na, kwa Kiingereza, katika kampeni ya Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari yenye makao yake New York. Mwezi Novemba 2018, maofisa wawili wa kamati hiyo walizuiliwa kwa saa kadhaa jijini Dar es Salaam wakiwa katika ziara ya kikazi nchini.

Hesabu ya siku ni kielelezo kizuri cha hali isiyotimilika. Namba inayoongezeka kila asubuhi haiwezi kusimuliwa kama jambo lililokwisha. Tarehe 21 Novemba 2022, miaka mitano ilipotimia, hesabu ilikuwa siku 1,826. Hata hivyo, hesabu ina udhaifu ambao Alhamisi haina: inahitaji mchapishaji. Siku ukurasa unapohitajika kwa jambo jingine, hesabu husimama, na kusimama kwake husomwa na umma kama jibu. Mkusanyiko wa watu huweza kupungua hadi kubaki wawili na bado ukaitwa mkusanyiko.

Funzo hilo linathibitishwa na kisa cha wasichana 276 wa shule ya Chibok, kaskazini mashariki mwa Nigeria, waliotekwa usiku wa tarehe 14 Aprili 2014. Ndani ya wiki chache, wito wa kuwarudisha ulirudiwa na watu mashuhuri duniani, akiwamo Michelle Obama. Wimbi hilo lilipopungua, waliobaki ni wananchi waliokutana kwenye chemchemi ya Unity jijini Abuja siku baada ya siku. Wasichana 21 waliachiliwa Oktoba 2016 na wengine 82 Mei 2017. Miaka kumi baada ya utekaji, wengine walikuwa hawajarejea. Umaarufu wa dunia ulileta sauti kubwa, ilhali mkutano wa mahali pamoja ulileta muda.

5.0 Hali ya Tatu mbele ya Sheria

Msimamo wa hajarudi unapodumu, hugongana na sheria. Maisha ya waliobaki hayangoji. Kuna mshahara usiolipwa, shamba lisiloweza kuandikishwa, mtoto anayehitaji saini ya baba, na mke asiyejua kama ni mke. Sheria nyingi hutatua tatizo hili kwa dhana ya kifo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu, katika mashauri ya ndoa, dhana kwamba mwenzi amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka mitano na watu ambao wangetarajiwa kumsikia. Nchini Kenya, Sheria ya Ushahidi inaweka miaka saba. Dhana hizo zinaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini lugha yake ni moja: ili upate haki yako, sharti ukubali kuhama kutoka hajarudi kwenda amekufa.

Familia ya aliyetoweshwa inatiwa hapo katika mtego. Ikiomba hati, inatoa kwa kalamu yake kile ambacho watendaji wanakitaka, yaani kifo kisicho na muuaji. Isipoomba, inaendelea kuumia. Akina mama wa Argentina waliutambua mtego huu mapema. Mwaka 1979, utawala wa kijeshi ulipitisha sheria ya kuwatangaza waliotoweka kuwa wamefariki, na akina mama waliikataa. Mwaka 1994, bunge la kidemokrasia lilipitisha sheria nyingine, namba 24.321, iliyoanzisha hadhi mpya: mtu asiyekuwapo kwa sababu ya kutoweshwa kwa nguvu. Kwa hadhi hiyo, familia ingeweza kushughulikia mali na ndoa bila kumtangaza mhusika kuwa amekufa. Sheria ilikuwa imejifunza kutumia -ja-.

Wazo la hali ya tatu si geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Fiqhi ya Kiislamu inamtambua mafqud, mtu aliyepotea ambaye uhai wake wala kifo chake havijulikani. Mali yake hairithiwi hadi ushahidi upatikane au kadhi ahukumu. Kuhusu mkewe, madhehebu yanatofautiana: Imamu Malik anajulikana kwa kuweka miaka minne ya kungoja, ilhali rai ya baadaye ya Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani, inasisitiza yakini. Wanazuoni hao walifikia maamuzi tofauti, lakini wote walianza kwa kukiri kwamba kuna mtu ambaye si wa kundi la walio hai wanaojulikana wala la wafu. Kwa hiyo bibi wa Kilwa aliyekataa hitima hakuwa nje ya mapokeo yake.

Hata hivyo, hali ya tatu inaweza kutumiwa vibaya. Mwezi Desemba 1979, mtawala wa Argentina, Jorge Rafael Videla, aliwaambia waandishi wa habari kwamba aliyetoweka hayupo, hayuko hai wala hajafa, na kwa hiyo hakuna linaloweza kufanywa juu yake. Kwa juujuu, Videla na akina mama walisema jambo moja. Tofauti iko katika kinachofuata baada ya sentensi. Kwake yeye kutojulikana kulikuwa mwisho wa wajibu. Kwao kulikuwa mwanzo wake. Kwa sababu hiyo, hadhi ya tatu ya kisheria isiyoambatana na wajibu wa kuchunguza ni kimya kilichopigwa muhuri. Mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu wote dhidi ya kutoweshwa kwa nguvu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2010, unayaunganisha mambo hayo mawili katika ibara ya 24: dola ina wajibu wa kuendelea na uchunguzi hadi yaliyompata mhusika yabainike, na pia wajibu wa kushughulikia hali ya kisheria ya mhusika na ndugu zake katika ustawi, fedha, familia na mali.

6.0 Nani Ana Haki ya Kubadilisha Njeo?

Mwezi Julai 2019, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania wakati huo, Palamagamba Kabudi, akihojiwa kwa Kiingereza na BBC, alisema kwamba Azory Gwanda alitoweka na kufa. Baada ya maneno hayo kuzua maswali, ilielezwa kwamba yalifasiriwa visivyo na kwamba hapakuwa na uthibitisho wa kifo.

Makala haya hayana nia ya kuhukumu dhamira ya msemaji. Yanatazama uzito wa tendo la kiusemi. Katika nadharia ya matendo-usemi, kauli ya aina hii hufaulu pale tu msemaji anapokuwa na mamlaka na misingi ya kuitoa. Daktari akisema mgonjwa amefariki, ana mwili mbele yake. Hakimu akitamka dhana ya kifo, ana ushahidi wa miaka na mwombaji mbele yake. Anayetamka kifo pasipo mwili, pasipo ushahidi na pasipo ombi la familia anahamisha kitenzi kutoka njeo moja kwenda nyingine bila kibali. Ni muhimu pia kwamba kauli ile ilihojiwa mara moja. Umma uliokuwa umezoezwa kwa siku zaidi ya 590 kuuliza Azory yuko wapi uliitambua sentensi iliyokuwa na njeo isiyostahiki. Kwa hakika, hilo ndilo zao la mazingatio: si kwamba jibu lilipatikana, bali kwamba jibu lisilo na msingi halikupokelewa.

Je, familia nayo inaruhusiwa kubadilisha njeo? Historia ya Argentina inaonyesha ugumu wa swali hili. Mwaka 1986, Akina Mama wa Plaza de Mayo waligawanyika. Baadhi waliona ni haki ya mzazi kuyatambua mabaki ya mtoto wake na kumzika. Wengine, wakiongozwa na Hebe de Bonafini, waliona kwamba kupokea mabaki na fidia ni kukubali kifo kabla ya haki kutendeka. Pande zote mbili zilikuwa na watoto waliotoweka. Hakuna mtafiti mwenye mamlaka ya kuamua baina yao, na makala haya hayadai kuwa nayo. Linaloweza kusemwa ni kwamba mzazi aliyechoka kusema hajarudi hajamsaliti mtu, na mzazi anayeendelea kusema hivyo hajapungukiwa akili. Wasiostahili kuamua ni wengine: dola, ambayo ina wajibu wa kujibu, na wanaharakati au wanahabari, ambao wanaweza kuendelea kulihitaji jina hata pale ambapo familia inahitaji utulivu.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba mazingatio ya umma kuhusu watu waliotoweka kwa muda mrefu hayadumishwi na hisia, kwa kuwa hisia huchoka. Yanadumishwa na umbo: umbo la kitenzi kinachoiacha habari wazi, umbo la siku na mahali pasipotegemea habari mpya, na umbo la sheria isiyomlazimisha mtu kumzika ndugu yake kwa karatasi. Kwa msingi huo, yanatolewa mapendekezo matatu.

Kwanza, vyumba vya habari vya Kiswahili viingize katika miongozo yao ya uandishi kanuni kuhusu watu waliotoweka: kutumia ametoweka na hajaonekana, kutumia ametoweshwa pale ushahidi unapoonyesha kuwapo kwa mtendaji, na kuepuka aliyekuwa pamoja na marehemu hadi kifo kithibitishwe. Pili, kumbukumbu ya kila kisa iwe na siku yake ya kila mwaka na mahali pake, chini ya uongozi wa familia au kwa ridhaa yake, ili isitegemee nafasi katika gazeti. Tarehe 30 Agosti, siku ya kimataifa ya waathirika wa kutoweshwa kwa nguvu, inaweza kuwa mwanzo, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya tarehe ya mhusika mwenyewe. Tatu, watunga sheria wa Afrika Mashariki wafikirie hadhi ya mtu aliyetoweshwa ambayo itaipa familia haki zake za mali na ndoa bila kuhitaji dhana ya kifo, na itakayoambatana na wajibu wa kuendelea na uchunguzi.

Utafiti zaidi unaweza kufanywa kwa kukusanya taarifa za magazeti na redio za Kiswahili kuhusu visa mbalimbali, na kufuatilia ni lini katika maisha ya kila kisa -me- hugeuka kuwa -li-, nani hutangulia kuigeuza, na kama mgeuko huo hutangulia au hufuata kusimama kwa uchunguzi. Hadi utafiti huo ufanyike, jambo moja linaweza kusemwa bila kusita. Kuna mtu aliyeaga kwamba angerudi siku iliyofuata. Anayelitaja jina lake leo anapaswa kuchagua kitenzi, na kitenzi kilicho sahihi kwa ushahidi uliopo ni kilekile kilichokuwa sahihi tarehe 22 Novemba 2017: hajarudi.